Mkaa Juu, Gesi Chini

Basi halijasimama sawasawa pale Somanga, madirisha yameshajaa sahani. Samaki wa kukaanga, kamba, ngisi, mayai ya kuchemsha, na nyuma yake sauti za kinamama wanaogombania masikio ya abiria. Nilinunua changu mmoja nikamla kwa mkono huku dereva akipiga honi ya kutuhimiza. Kwa abiria wengi wa Lindi na Mtwara, Somanga ni samaki tu. Kwangu mimi ni mahali ambapo kitu chetu kimoja huingia nchi kavu na kushika safari ya Dar es Salaam bila kukata tiketi.

Upande wa Somanga Fungu ndiko bomba la gesi linakotokea baharini. Limelala kilomita 25 chini ya maji kutoka kisiwa cha Songo Songo, halafu linashika nchi kavu kilomita 207 hadi Ubungo. Gesi yenyewe iligunduliwa mwaka 1974, nami niliifundisha katika jiografia, shule ya msingi, miaka chungu nzima, ilhali hakuna aliyewahi kuiwasha. Ilikaa chini miaka 30. Ilipoanza kutoka, mwaka 2004, mtoto mmoja wa darasa la sita alinyoosha kidole akauliza, "Mwalimu, inakwenda kufanya nini huko?" Nikamwambia inakwenda kuwasha taa za Dar es Salaam. "Taa zipi?" Nikamwambia akae chini.

Sasa nimestaafu. Mwaka huu mpwa wangu wa Mbagala amejifungua mtoto wa kike, ikabidi niende kumwona. Nikaona nikishafika huko niunganishe na swali la yule mtoto, ambaye siku hizi ni mtu mzima mwenye boti yake na hakumbuki kama aliuliza chochote.

Watu wa rika langu hatuvuki Rufiji bila kunyamaza kidogo. Tumelala sana pale Ndundu tukingoja pantoni, mvua zikinyesha, mabasi yamepangana, watoto wanalia, na wauza samaki wakavu wanatajirika. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, karibu kilomita nzima ya zege. Mwaka uliofuata gesi ikafika Ubungo. Sisi tukapata njia ya kwenda, nayo ikapata njia ya kuondoka. Mwaka 2015 likaongezwa bomba la pili, nene, inchi 36, kutoka Mtwara mpaka Kinyerezi. Na huko juu kwenye mto huo huo limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, mashine tisa, megawati 2,115. Mtu wa Dar akibonyeza swichi leo, mara nyingi ama ni maji ya Rufiji ama ni gesi yetu. Kwa vyovyote vile kuna kitu kimepita kwenye njia hii niliyopanda basi.

Lakini kitu unachokiona kwa macho njiani ni mkaa. Kuanzia Kibiti kwenda mbele unaanza kuuona: magunia yamesimama kando ya lami kwa makundi ya matatu, ya manne, yamejazwa lumbesa, yamefungwa nyavu za kamba kichwani. Bodaboda zinapita zimebeba manne kwa mpigo, dereva amekaa kwenye tangi la mafuta, amebanwa, anaendesha kwa vidole. Vibao vya tahadhari vya bomba vinaonekana mara moja moja porini, vidogo, na ukipepesa jicho umevikosa. Nilicheka peke yangu. Gesi inakwenda Dar chini kwa chini, kimya, na mkaa unakwenda Dar juu yake, kwa pikipiki. Vyote viwili ni moto, na vyote viwili vinatoka upande wetu. Jirani yangu wa kiti aliniuliza nacheka nini. Nikashindwa kumweleza kwa ufupi.

Mbagala ni mji wa mwisho wa Kusini. Ramani inasema ni Temeke, lakini shuka Rangi Tatu usikilize watu wanavyosalimiana. Mama mmoja alikuwa amekaa na beseni la ming'oko ya kuchemsha, vile vizizi vya porini ambavyo kwetu ni chakula cha kawaida na Dar ni kumbukumbu. Nilimuuliza bei. Badala ya bei akaniuliza natoka wapi. Nilipomjibu Kilwa, akasema yeye ni wa Ruangwa, akanifungia fungu, akaongeza la pili juu, akakataa hela ya lile la pili. "Nenda, baba, kale na wajukuu." Umati ulikuwa unanisukuma huku na huku nami nashukuru kwa kichwa kwa sababu mikono imejaa.

Sensa ya 2022 iliihesabia Temeke watu 1,346,674. Mkoa wangu wa Lindi, na wilaya zake zote, ulipata 1,194,028. Takwimu hizo nilikuwa nazijua kwa kuzisoma. Siku hiyo, ndani ya daladala ya kuelekea Charambe, nilizijua kwa mbavu.

Mpwa wangu anakaa vyumba viwili na mumewe ambaye ni fundi seremala. Barazani wana friza ndogo, nusu kabati, na hiyo ndiyo inayolipa ada ya mtoto mkubwa. Anagandisha barafu za ubuyu na za ukwaju kwenye vifuko vya nailoni, na saa saba mchana watoto wa shule wanajipanga mlangoni na shilingi mia mia zao. Nilipofika alikuwa amemweka kichanga begani, simu mkononi, anasoma tokeni ya umeme. "Mjomba, shikamoo, hebu nisaidie kubonyeza hapo." Nikaweka ming'oko chini nikasimama mbele ya mita ya LUKU, naye akinitajia namba nne nne, ishirini zote. Nikakosea moja tukaanza upya. Tulipopatia, mita ikalia kidogo, uniti zikasoma. Zamani alikuwa kwenye kundi la uniti 75 kwa mwezi, la bei nafuu. Friza ikamtoa huko.

"Unajua unauza nini?" nikamwambia.

"Barafu."

"Unauza gesi ya Songo Songo iliyoganda."

Alidhani ni maneno ya uzee. Nikamweleza: gesi inatoka chini ya bahari pale pale tunapovulia, inakuja na bomba mpaka Kinyerezi na Ubungo, inawashwa moto, moto unazungusha mashine, mashine inatoa umeme, umeme unaingia kwenye friza yako. Moto unatoka baharini, unakuja kuwa barafu Mbagala. Alisikiliza vizuri, maana ni mtoto mwenye adabu, kisha akanionyesha pembeni mtungi mdogo wa kilo sita wenye jiko juu yake. "Mimi nilifikiri gesi yenu ni hii."

Wengi wanafikiri hivyo, hata watu waliosoma. Nimekuta wanaokula kiapo kwamba gesi ya mtungi ni ya Mtwara. Sivyo. Ile ya mtungi inaletwa na meli kutoka nje, inashushwa bandarini, inajazwa kwenye mitungi na kusambazwa. Ya Songo Songo ni methani kwa takribani asilimia 97, haishindiliki kuwa kimiminika kwa urahisi ule wa kutia kwenye mtungi wa jikoni. Inataka bomba. Zipo nyumba zilizounganishwa, Mikocheni kwa mfano, na Mtwara mjini, zinapikia gesi hiyo kwa mita kama maji ya Dawasa. Charambe bomba la namna hiyo halijafika, na kwetu Kilwa Masoko vilevile.

Jikoni kwake, basi, kuna mioto mitatu. Umeme ni wa barafu na taa. Mtungi ni wa chai na uji wa mtoto, vitu vya haraka. Maharage yako nje, kwenye jiko la mkaa, yanatokota tangu asubuhi. Nikamuuliza kwa nini asiyapikie gesi.

"Maharage yatanimalizia mtungi, mjomba. Na mtungi ukiisha hauuzwi nusu."

Hapo ndipo alipoanza kunifundisha yeye. Mkaa unanunuliwa kwa kopo. Leo una elfu moja, unapata wa leo. Kesho Mungu mkubwa. Mtungi unataka hela yote kwa wakati mmoja, na fundi seremala halipwi kwa wakati mmoja. Nikaiangalia tena ile LUKU ukutani nikaielewa kwa mara ya kwanza. Ni kopo la mkaa. Mtu ananunua umeme wa elfu mbili, unamfikisha anapofika, ananunua tena. Siku za nyuma bili ilikuja mwisho wa mwezi, nene, ikakuta hela imeshakwenda, na mafundi wakaja na ngazi kukata waya. Umeme ulipokubali kujiuza kwa kipimo cha mkaa, ukaingia Mbagala ukakaa. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Mimi si mtaalamu wa nishati. Ila ningekuwa nakaa kwenye vikao hivyo ningeanza na neno la mpwa wangu: hauuzwi nusu.

Usiku ule umeme ukakata. Mtaa mzima ulitoa sauti moja, "Aaah!", kama umepangwa, kisha ukaendelea na shughuli zake gizani. Watu wakatoa viti nje. Kijana wa chipsi jirani aliwasha tochi ya simu akaining'iniza kwenye kabati lake la vioo, jiko lake likiendelea kuwaka. La mkaa, bila shaka. Mpwa wangu hakusimulia habari za giza. Alisimulia barafu. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023, alisema, alimwaga ndoo nzima ya ubuyu, siku ya tatu akaanza kugawa bure kabla haujaharibika, na watoto wakaupenda mgao. Baada ya saa moja na ushei taa zikarudi, na watoto wa uchochoroni wakapiga ukelele ule wa Dar ambao nadhani hauna mwenzake: nusu shangwe, nusu zomeazomea. Kwetu umeme ukirudi watu hawapigi kelele. Labda hatujauzoea kiasi cha kuugombeza.

Kinyerezi nilifika kwa kuungaunga magari, juani. Ni Ilala, si mbali na Segerea, na kabla hujaona chochote unaona nguzo kubwa za chuma zinatoka kila upande na nyaya zinakutana mahali pamoja, kama njia za ng'ombe zinazokwenda kisimani. Humo ndani kuna Kinyerezi I, iliyoanza na megawati 150 na baadaye ikaongezewa, na Kinyerezi II ya megawati 240 aliyoizindua Rais Magufuli mwezi Aprili 2018. Kwa mpita njia ni ukuta, geti, mabomba ya moshi yasiyotoa moshi unaoonekana, na mvumo. Mvumo si mkubwa. Ni kama mtu anayesoma dua moyoni: ukiongea huusikii, ukinyamaza upo. Mlinzi aliniuliza shida yangu kwa heshima, nami nikamwambia sina shida, natazama. Akanitazama na mimi.

Nikavuka barabara kwa mama lishe. Alikuwa na banda la mabati, benchi mbili, wali, maharage, dagaa, na samaki mmoja mmoja. Nilikula polepole makusudi. Vijana wawili wenye kofia ngumu walikula wakaondoka. Baada yao hakuja mtu kwa muda mrefu.

"Ndiyo hivyo," akasema bila kuulizwa. "Wakati wanajenga hii ya pili nilikuwa napika kilo ishirini za mchele kwa siku, na wasaidizi watatu. Sasa hivi kilo tano, nyingine nalala nayo."

Mtambo ukijengwa unataka wachomeleaji, wabeba zege, madereva, walinzi, wapishi. Ukishawaka unataka watu wachache wa kutazama skrini. Nilikuwa nikilijua jambo hili kwa upande wetu, kwamba bomba lilipochimbiwa vijana wa Somanga walipata vibarua na lilipofukiwa vibarua vikafukiwa nalo. Sikufikiri kwamba na Kinyerezi ni hadithi hiyo hiyo, mita thelathini kutoka kwenye mashine.

Alikuwa anapika sufuria ya pili kwa ajili ya jioni. Wali ulipokaribia kukauka akachota makaa mekundu kwa koleo, akayapalia juu ya kifuniko, akapunguza ya chini. Kisha akaubandua, na kwa yale makaa yaliyobaki jikoni akabandika maji ya kuoshea vyombo. Nikamwambia kwamba humo ndani ya ukuta wanafanya jambo lile lile. Gesi inachomwa pamoja na hewa iliyoshindiliwa, inazungusha mashine ya kwanza, mfano wa injini ya ndege. Joto linalotoka pale mitambo ya zamani ililiachia liende hewani. Kinyerezi II inalikamata, inachemshia maji, na mvuke wake unazungusha mashine nyingine. Moto mmoja, vyungu viwili.

"Sasa walisomea wapi hao mpaka wakajua leo?" akacheka. "Si wangeniuliza."

Ubungo siku hizi siitambui. Stendi ya mikoani imehamia Mbezi, barabara za juu zimepangana kama ngazi, na mtu aliyezoea kushuka Ubungo akiwa ameshika mzigo wake kwa mikono miwili anajikuta anautafuta ule woga wa zamani hauoni. Mitambo ipo pale pale. Hapa ndipo gesi yetu ilipofikia mara ya kwanza, kwenye mitambo ya Songas, na mkataba wake wa miaka 20 ukaja kwisha mwaka 2024. Miaka hiyo ishirini ndiyo sehemu ya mwisho ya maisha yangu ya kazi, tangu yule mtoto aulize swali hadi nilipokabidhi chaki.

Wazee wa kahawa walikuwa chini ya mti, karibu na ukuta, na birika la shaba juu ya jiko lake dogo. Sihitaji kusema jiko la nini. Nilipoeleza kilichonileta, mmoja akasema, "Ahaa, gesi ya Mtwara." Nikamsahihisha: hii ya hapa ilitoka Songo Songo, Kilwa, miaka kumi na moja kabla ya bomba la Mtwara. Akakubali kwa kichwa, na dakika mbili baadaye akaiita tena gesi ya Mtwara. Nikaacha.

Namwelewa. Mtwara walipiga kelele, sisi tulinyamaza. Mwaka 2013, Januari na tena Mei, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, watu wa Mtwara waliingia barabarani wakisema gesi haitoki. Nyumba zilichomwa, watu walikufa, jeshi likaletwa mitaani. Gesi ilitoka. Lakini jina lilibaki kwao. Kilwa gesi ilikuwa imeshatoka miaka tisa bila hata mkutano wa hadhara wa maana. Nisiwe mnafiki, hatukukosa kila kitu: kisiwani Songo Songo waliwekewa umeme wa injini ndogo za gesi, na Somanga Fungu kukajengwa mtambo wa megawati 7.5. Ukilinganisha na mamia yanayozunguka Dar, hicho ni kitumbua cha kuonja. Sisemi tungechoma nyumba. Nasema tu kwamba hata jina la kitu linataka mtu wa kulitetea.

Kisha mazungumzo yakahama, kama yanavyohama siku zote Ubungo, kwenda Richmond. Mitambo ya dharura iliyoletwa hapa, mkataba wake uliochunguzwa na kamati ya Bunge, na Waziri Mkuu Edward Lowassa aliyejiuzulu Februari 2008. Wazee walikumbuka siku, saa, na waziri gani alikaa kiti gani. Hakuna aliyekumbuka mtambo ule ulitoa megawati ngapi. Nilikunywa vikombe vitatu na kashata mbili, nikaaga.

Kwenda Tegeta nilipanda bajaji, jambo ambalo mpwa wangu alinikataza. Kijana wa Kigoma, mpole, kofia nyuma mbele. Kabla ya kuondoka aliomba radhi kwamba lazima ajaze, tukaingia kwenye foleni. Foleni hiyo ilikuwa ya bajaji na magari madogo, imezunguka kona mpaka sikuiona mwisho, na madereva wamelala, wanacheza bao, wanakula mihogo ya kukaanga kwa pilipili. Nilifikiri wanangoja petroli.

"Gesi, mzee. Hii bajaji inatumia gesi." Akanionyesha mtungi mnene wa chuma nyuma ya kiti. "Ile ya Mtwara."

Nikanyamaza mara hii.

Tulikaa pale saa nzima na nusu. Alinieleza hesabu yake. Alikopa hela za kufunga mfumo, lakini akijaza gesi anazunguka siku nzima kwa fedha ambayo petroli ingeishia saa nne asubuhi. Gharama yake ni foleni: kuna siku anakesha. "Petroli ni ya wenye haraka," alisema. "Mimi nina familia." Ilipofika zamu yetu mhudumu alituambia tushuke wote tusimame mbali, akachomeka mpira, kukawa na sauti ya kuzomea kwa ndani, na mshale wa geji ukapanda. Nilisogea karibu kadiri nilivyoruhusiwa. Miaka yote ile ya kuichora ubaoni, tabaka la mwamba, mchanga, maji ya chumvi, na huo mshale ndio ukaribu mkubwa kabisa niliowahi kuwa nao na gesi ya kwetu. Haina rangi. Sikusikia hata harufu.

Njiani akaniuliza, "Kwenu, mzee, kwa kuwa inatoka huko, nyumba zote zinapikia gesi?"

"Kuni," nikasema. "Na mkaa, wenye nafasi."

Aligeuka akanitazama kuona kama namtania, bajaji ikayumba, nikamwomba atazame mbele.

Tegeta ni Kinondoni ya mwisho mwisho, kabla ya Boko na Bunju, mahali ambapo mji unajengwa mbele ya macho yako kila ukirudi. Kuna mtambo mwingine wa gesi hapo, megawati 45, mdogo kwa vipimo vya Kinyerezi. Juu yake kuna kilima cha Wazo na kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1966, ambacho nacho huchomea mawe kwa gesi ya Songo Songo. Nilikuwa nimetafuta taa, na nilichokikuta mwisho wa safari ni mifuko ya saruji ikipakiwa kwenye malori. Nyumba za Tegeta, Salasala, Madale, kuta zile nilizokuwa naziona tangu asubuhi, nyingi zina moto wa kwetu ndani yake. Na kwa kuwa saruji hiyo inateremka na Barabara ya Kilwa, hata zege la baraza langu huenda ni gesi iliyorudi nyumbani.

Kijana alikataa kuniacha stendi. Alinitafutia gari la kurudi Mbagala, akamwambia kondakta, "Huyu ni mwalimu, usimsimamishe," na kondakta akanisimamisha mpaka Mwenge.

Siku ya kuondoka mpwa wangu alinifungia barafu tano za ubuyu ndani ya gazeti, ndani ya mfuko, ndani ya taulo, nimpelekee dada yangu. Nilimwambia hazitafika Kibiti. Akasema nijaribu. Zilipofika Mkuranga zilikuwa maji, nikazinywa na jirani yangu wa kiti.

Nawe ukipanda basi la Kusini, usilale kati ya Mkuranga na Kibiti. Bomba hutaliona, usihangaike nalo. Hesabu magunia ya mkaa yanayongoja gari la kwenda Dar. Mimi nilihesabu upande mmoja tu wa barabara, nikafika 143 kabla usingizi haujanishika.